Faili la zabuni halina kasoro: rushwa utaionea wapi?

Swali la msomaji: "Nimechaguliwa diwani kwa mara ya kwanza na nimepangwa kamati ya fedha. Kila robo mwaka tunaletewa mafaili ya zabuni na orodha ya malipo tuyapitie. Wananchi wanasema maofisa wanakula asilimia kumi kwenye kila mradi, na barabara zinavyobomoka ni kama wanasema kweli. Lakini nikifungua faili naona kila kitu kipo: tangazo, wazabuni watatu, mihtasari, sahihi, mihuri. Sikusomea uhasibu wala uhandisi. Nianzie wapi, na nikigundua kitu nifanyeje bila kujiponza?"

Mheshimiwa, faili kukamilika si ushahidi wa usafi. Ofisa anayekula na mkandarasi ndiye wa kwanza kuhakikisha faili lake halina upungufu, kwa sababu anajua wakaguzi wengi huhesabu karatasi: tangazo lipo, zabuni tatu zipo, muhtasari umesainiwa, basi, limepita. Faili lenye mapengo mara nyingi ni la ofisa mzembe au aliyelemewa na kazi. Kwa hiyo acha kutafuta kinachokosekana. Tafuta mahali ambapo karatasi zinapingana, ama zenyewe kwa zenyewe, ama na kilichopo ardhini. Tena lisome faili kutoka nyuma: anza na malipo, rudi kwenye utekelezaji, umalizie na zabuni. Wengi huanza na tangazo na wazabuni, wakifika kwenye malipo wameshachoka, wanapitisha.

Sababu ya kuanza nyuma ni hii. Hongo haitoki mfukoni mwa mkandarasi, inatoka kwenye mradi. Akishaahidi mgao wa asilimia 10, lazima aurudishe, na njia za kuurudisha ni tatu: bei iwe imepandishwa tangu kwenye zabuni, kazi ipunjwe wakati wa utekelezaji, au mkataba uongezwe fedha baadaye. Zote tatu huacha alama kwenye malipo. Kampuni ya ujenzi ya Odebrecht ya Brazil ilipokiri makosa mbele ya mahakama ya shirikisho ya Marekani mwezi Desemba 2016, ilikubali kuwa ilitoa takriban dola milioni 788 za hongo katika nchi 12, na kwamba ndani ya kampuni kulikuwa na idara nzima iliyoshughulikia malipo hayo. Wachumi waliopitia mikataba yake baadaye walikuta kwamba miradi iliyohongewa ndiyo iliyoongezewa fedha nyingi zaidi baada ya mkataba kusainiwa. Aliyeishia kusoma hatua ya zabuni asingeliona hilo.

Haya, tuanze na malipo. Hati ya malipo ya ujenzi isikupite bila karatasi ya vipimo iliyo nyuma yake, yaani ile inayoonyesha kilichopimwa, lini, na nani alikuwepo. Vipimo halali huchukuliwa kwa pamoja, mhandisi wa serikali na mtu wa mkandarasi wakiwa eneo la kazi, na wote husaini siku hiyo hiyo. Ukikuta hati inasema tu "kazi imekamilika asilimia 80" bila vipimo, hapo hujaletewa hesabu, umeletewa maoni ya mtu. Irudishe.

Hesabu yenyewe haihitaji uhandisi. Chukua barabara ya changarawe ya kilomita 5, upana mita 6, unene wa tabaka milimita 150 baada ya kushindiliwa. Zidisha 5,000 kwa 6 kwa 0.15, unapata mita za ujazo 4,500. Changarawe ambayo haijashindiliwa huchukua nafasi kubwa zaidi, kwa kawaida kama robo zaidi au hata kupita hapo, hivyo kilichopaswa kubebwa ni mita za ujazo 5,600 hivi. Lori la mita za ujazo 10 lingehitaji safari zisizopungua 560. Sasa fungua daftari la kila siku la eneo la kazi, lile ambalo msimamizi huandika hali ya hewa, idadi ya vibarua na mitambo iliyokuwepo. Tuseme linaonyesha malori matatu, kila moja safari nane kwa siku, na ubebaji ulianza tarehe 4 ukaisha tarehe 12. Siku tisa, safari 24 kwa siku, jumla 216. Hizo ni mita za ujazo 2,160 za changarawe isiyoshindiliwa, na ikishashindiliwa zinabaki kama 1,730. Ukizitandaza kwenye barabara ile unapata unene wa milimita 58, si 150. Umeshajua hivyo kabla hujatoka ofisini, na kwa karatasi walizokuletea wao wenyewe.

Usikimbilie kusema wizi. Huenda yalikodiwa malori mengine ambayo daftari halikuyaandika, au walifanya kazi usiku. Kuna njia ya kuthibitisha: nenda barabarani na mhandisi, mkandarasi na mkaguzi wa ndani, mchimbe vishimo vidogo kwa sululu kila mita 200, kimoja kushoto, kinachofuata katikati, kinachofuata kulia. Usikubali mhandisi au mkandarasi achague pa kuchimba, kwa sababu mwanzoni na mwishoni mwa barabara, ambako wageni husimamisha magari, ndiko kunakomwagwa changarawe ya kutosha. Simamisha rula ndani ya shimo, piga picha rula ikionekana, andika kipimo na umbali kutoka mwanzo wa barabara, wote wasaini, kisha shimo lifukiwe na kushindiliwa. Fanya hivyo mapema. Changarawe huliwa na magari na mvua, na ukichelewa mwaka mzima mkandarasi atakuwa na jibu, na jibu lenyewe litakuwa na ukweli ndani yake.

Njia hii imejaribiwa kwa upana. Mchumi Benjamin Olken alifuatilia ujenzi wa barabara katika vijiji zaidi ya 600 vya Indonesia, na timu yake ikachimba barabara hizo kupima vifaa vilivyotumika kweli, kisha ikalinganisha na hesabu za fedha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Vijiji vilivyoambiwa mapema kwamba ukaguzi utafika kwa uhakika, badala ya ule uwezekano wa kawaida wa asilimia 4, vilipunguza fedha zilizopotea kwa pointi 8 za asilimia. Kuwaalika wanakijiji wengi kwenye mikutano ya uwajibikaji kulisaidia kidogo tu kwa ujumla: mishahara ya vibarua ilipona kwa sababu kila kibarua anajua alichopaswa kulipwa, lakini vifaa viliendelea kupotea kwa sababu mwanakijiji hajui mchanga ulioagizwa ulikuwa kiasi gani. Kuna jambo jingine kwenye matokeo hayo ambalo kamati nyingi hulisahau: ukaguzi ulipobana vifaa, ajira za ndugu wa viongozi kwenye mradi ziliongezeka. Ukibana mlango mmoja, angalia mwingine.

Kwenye ununuzi wa vitu, kama madawati, dawa au vipuri, kazi ni kulinganisha karatasi nne: oda, hati ya mapokezi, leja ya stoo na ankara. Soma tarehe kabla ya kusoma kiasi. Ankara iliyotangulia oda inaonyesha oda iliandikwa baadaye kuhalalisha. Mapokezi ya siku ya mapumziko wakati stoo imefungwa, leja ambayo mistari kumi ya miezi mitatu imeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko ambao haukuyumba, madawati 300 yaliyoletwa kwa safari moja ya gari dogo ambalo namba yake imo kwenye daftari la getini: hayo ndiyo ya kushika. Mapokezi hewa huwezekana pale tu mtunza stoo, kamati ya ukaguzi na mapokezi na ofisa manunuzi wanapokubaliana, kwa hiyo angalia wajumbe wa kamati hiyo ni nani. Wakiwa ni walewale kila mara, au wote wako chini ya ofisa mmoja, hapo ndipo pa kurekebisha hata kama hujakuta wizi.

Sasa tufike penye fedha kubwa zaidi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu madiwani wengi hupitishwa hapa wakiwa macho. Ni mabadiliko ya kazi baada ya mkataba, yakichanganywa na bei zilizopangwa kwa ujanja kwenye jedwali la vipimo na bei, lile ambalo maofisini huitwa BOQ tu.

Tuseme jedwali lina mistari miwili: kuchimba udongo laini mita za ujazo 10,000, na kuchimba mwamba mita za ujazo 200. Kwa kila mita ya ujazo, mzabuni wa kwanza ameweka 4 kwa udongo na 90 kwa mwamba. Wa pili ameweka 6 kwa udongo na 30 kwa mwamba. Wa kwanza jumla yake ni 58,000, wa pili 66,000. Wa kwanza ni nafuu, anashinda kihalali kabisa, hakuna wa kulalamika. Kazi ikianza, mhandisi anaandika kwamba mwamba umekutwa mwingi kuliko ilivyotarajiwa: sasa ni mita za ujazo 2,000, na udongo umepungua kuwa 8,200. Kwa bei zilezile za mkataba, wa kwanza anadai 212,800. Yule wa pili, aliyeshindwa kwa kuwa ghali, angedai 109,200. Halmashauri imelipa karibu mara mbili, na kila karatasi iko sawa.

Mzabuni hawezi kucheza mchezo huo kwa kubahatisha. Lazima awe ameambiwa na mtu wa ndani kwamba vipimo vya mwamba viliandikwa vidogo na vitapandishwa. Rushwa ilifanyika kabla ya zabuni kufunguliwa, na ukiitafuta kwenye tathmini hutaiona. Utaiona ukifanya mambo mawili. La kwanza, wakati wa tathmini, omba jedwali linalopanga bei za wazabuni wote mstari kwa mstari, pembeni kuwe na makadirio ya mhandisi. Mstari wowote ambao bei ya mshindi ni mara mbili au tatu ya wenzake, au chini ya nusu yao, uulizie: je, kipimo cha mstari huu kinaweza kubadilika, na kwa kiasi gani? Uliza kabla ya mkataba, jibu liandikwe kwenye muhtasari. La pili, nyongeza ikija, linganisha mistari iliyoongezwa na ile yenye bei za ajabu. Ikiwa nyongeza zinaangukia palepale penye bei kubwa na mapunguzo yanaangukia palepale penye bei ndogo, umeshika uzi. Mwamba nao una ushahidi wake: vipimo vya pamoja kabla shimo halijafukiwa, picha, baruti au mitambo ya kuvunjia iliyoandikwa kwenye daftari la kila siku. Mwamba wa mita za ujazo 2,000 hauvunjwi kimyakimya na koleo.

Angalia pia nyongeza zinapokuja moja moja, kila moja chini kidogo ya kiwango ambacho mkuu wa taasisi anaweza kukiidhinisha bila kupeleka kwenye bodi ya zabuni. Omba orodha ya nyongeza zote za mkataba mmoja zikiwa zimejumlishwa, na asilimia yake juu ya bei ya awali. Watu huzoea kuziona moja moja na hawajawahi kuziona zikiwa ukurasa mmoja.

Ujanja huo huo unafanyika kwenye manunuzi madogo. Kama kiwango cha zabuni ya wazi kinaanzia milioni 10, omba orodha ya manunuzi yote ya mwaka ikiwa imepangwa kwa kiasi. Ukikuta kundi la 9,800,000, 9,750,000 na 9,900,000, mtoa huduma mmoja au wawili, ndani ya wiki moja au mbili, hilo ni zabuni moja iliyokatwa vipande. Kazi hiyo huchukua nusu saa kwenye kompyuta ya mhasibu, na ndiyo ambayo ofisa asiye safi huichelewesha kuliko zote.

Ukirudi sasa kwenye zabuni zenyewe, hao wazabuni watatu unaowaona huenda ni mmoja. Zisome zabuni tatu ukiwa umeziweka mezani pamoja. Makosa ya tahajia yaleyale, kosa lilelile la kujumlisha, dhamana za benki zilizotolewa tawi moja siku moja kwa namba zinazofuatana, simu au sanduku la posta moja, kampuni mbili zilizosajiliwa wiki chache kabla ya tangazo: kila moja ya hizo inahitaji maelezo. Kisha chukua kikokotoo ugawanye bei za aliyeshindwa kwa bei za mshindi, mstari kwa mstari. Wafanyabiashara wanaoshindana kweli hupishana huku na kule, mstari huu huyu ghali, ule yule ghali. Ukipata 1.08 kwenye karibu kila mstari, mtu mmoja aliandika bei zake halafu akaongeza asilimia 8 kumwandalia mwenzake. Angalia pia kama aliyeshindwa ameibuka baadaye kuwa mkandarasi msaidizi wa mshindi. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, iliziweka dalili za aina hii kwenye mwongozo wake wa mwaka 2009, na si tatizo la nchi maskini tu: tume ya Jaji France Charbonneau katika jimbo la Québec, Kanada, iliyofanya kazi kati ya 2011 na 2015, ilionyesha jinsi makampuni ya ujenzi yalivyogawana kandarasi za umma na jinsi fedha zilivyofika kwenye vyama vya siasa.

Lakini wazabuni wanaweza kupanga njama wenyewe bila ofisa yeyote kujua. Alama ya ofisa huionea kwingine: kwa walioenguliwa. Soma ripoti ya tathmini uone kila mzabuni alitolewa kwa sababu gani, halafu uliza kama mshindi alipimwa kwa kipimo hichohicho. Mwenye bei ndogo kuliko wote ametupwa nje kwa kukosa sahihi kwenye ukurasa mmoja, huku mshindi aliyekosa cheti cha kodi akiandikiwa barua ya "kuomba ufafanuzi" na kupewa siku tano kukileta. Kosa dogo kwa mmoja ni kifo, kwa mwingine linarekebishika. Hilo haliwezi kuelezwa kwa uzembe wala kwa bahati mbaya, na ndilo ningelipa uzito kuliko dalili nyingine zote za hatua hii.

Linganisha vilevile bei iliyosomwa kwa sauti siku ya kufungua zabuni na bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Tofauti huelezwa kama "marekebisho ya hesabu". Marekebisho halali yapo, watu hukosea kuzidisha. Ila yakimsogeza mmoja kutoka nafasi ya tatu hadi ya kwanza, rudia hesabu mwenyewe. Sifa na vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja navyo huonekana kwa macho: masharti kama kuwa umejenga madaraja mawili ya kati ya mita 32 na 35 ndani ya miaka mitatu hayaandikwi na mtu anayetaka washindani. Na tangazo lililotolewa kabla tu ya sikukuu ndefu, likiwa na ziara moja ya lazima ya eneo la kazi asubuhi ya siku inayofuata, halikukusudiwa kusomwa.

Kuna soko jingine la rushwa ambalo halimo kwenye faili la zabuni hata kidogo, nalo ni foleni ya malipo. Mkandarasi mwaminifu amemaliza kazi, hati yake imekaa kwenye dawati miezi sita, na ujumbe anaoupata ni kwamba "aone watu". Omba rejista ya malipo yenye nguzo tatu: tarehe hati ilipopokelewa, tarehe ilipoidhinishwa, tarehe ilipolipwa. Ukikuta mmoja hulipwa ndani ya siku saba kila mara na wengine wanasubiri siku 200, uliza utaratibu wa nani kwanza. Hapa nikuombe jambo kwa dhati: unaposimamisha malipo ya mradi unaoutilia shaka, simamisha ya huo tu, kwa sababu iliyoandikwa na kwa muda uliotajwa. Kamati inayosimamisha kila kitu "kwa uchunguzi" inarefusha foleni, na foleni ikirefuka bei ya kuiruka inapanda.

Fedha yenyewe ikishatoka hupita wapi? Kwa kiasi kidogo ni bahasha au simu ya mtu wa tatu. Kwa kiasi kikubwa hupita kama biashara: kampuni ya shemeji inakodisha mtambo kwa mradi, mtaalamu elekezi asiyejulikana alifanya nini analipwa, nyumba inapangishwa kwa bei isiyo ya soko, ada za watoto zinalipwa. Siemens ilipomalizana na mamlaka za Marekani na Ujerumani mwezi Desemba 2008, kwa jumla ya takriban dola bilioni 1.6, mikataba ya ushauri wa kibiashara isiyo na kazi yoyote ilikuwa moja ya njia kuu zilizobainika. Wewe si mpelelezi, akaunti za watu hazikuhusu. Ila majina ya wakandarasi wasaidizi na wakodishaji wa mitambo yamo kwenye nyaraka za mradi, na wamiliki wa makampuni wamo kwenye daftari la msajili. Hayo unaweza kuyaomba.

Sasa kujiponza. Kosa linalowamaliza madiwani wapya ni kusimama kikaoni na kusema "hapa kuna wizi" wakiwa na dalili moja na bila nakala. Kesho yake faili halionekani, mtu uliyemtaja ana wakili, na wewe ndiye unayejieleza. Fuata mpangilio huu. Omba nyaraka kwa maandishi, kupitia katibu wa kamati, ukitaja kila hati kwa jina na tarehe ya mwisho ya kuletewa. Barua isiwe na tuhuma hata moja. Ukiletewa, zisome palepale ofisini, andika namba za kurasa, omba nakala zilizothibitishwa. Usiondoke na hati ya asili hata kama unaruhusiwa, maana ikipotea imepotelea kwako. Weka daftari lako la tarehe: lini uliomba, nani alijibu, nini hakikuletwa. Hati inayokataliwa mara tatu kwa sababu tatu tofauti ni ushahidi nayo.

Kisha pima uzito wa ulichokiona. Dalili moja ni swali. Dalili mbili zisizohusiana ni maswali mawili. Dalili tatu zinazoelekea kwa mtu mmoja au kampuni moja, kwa mfano kuenguliwa kwa upendeleo, bei za ajabu kwenye mwamba na nyongeza palepale, hapo mambo yamevuka uwezo wa kamati. Mpe mkaguzi wa ndani nakala kama unamwamini na hayumo kwenye mlolongo wa sahihi, la sivyo nenda kwa mkaguzi mkuu wa nje au taasisi ya kupambana na rushwa moja kwa moja. Andika ulichokiona, si unachokifikiri: "ukurasa wa 14 unasema hivi, ukurasa wa 52 unasema vile." Usimwambie mwandishi wa habari wala mjumbe mwenzako kabla wapelelezi hawajakamata nyaraka za asili, maana ushahidi wa zabuni ni rahisi kuandikwa upya. Na ikitokea mkandarasi au ofisa akakuletea "cha kukutuliza", usikipokee kwa nia ya kukitumia kama ushahidi. Mtego wa fedha ni kazi ya wapelelezi wenye mamlaka, na ukijitegea mwenyewe utakutwa na bahasha mkononi bila wa kukutetea. Kataa, andika saa, mahali na waliokuwepo, toa taarifa siku hiyohiyo.

Kuhusu ulinzi, Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, uliopitishwa Oktoba 2003 na kuanza kutumika Desemba 2005, kifungu cha 33, unazitaka nchi zifikirie kuwalinda watoa taarifa wenye nia njema. Utekelezaji hutofautiana sana, na nchi nyingine sheria iko karatasini tu. Kabla ya kuandika jina lako, soma sheria ya nchi yako inalinda taarifa inayopelekwa wapi, maana mara nyingi hulinda aliyepeleka kwenye chombo kilichotajwa, si aliyeipeleka kwingine. Linda na wadogo waliokusaidia. Karani aliyekutolea nakala hufukuzwa kazi kabla ya diwani kuguswa, kwa hiyo chochote utakachokipata kwa njia rasmi kipate kwa njia rasmi, ili chanzo kiwe barua yako na si yeye.

Kuna azimio moja ambalo baraza linaweza kulipitisha bila kumtuhumu yeyote: mikataba, nyongeza zake zote na malipo yawekwe hadharani. Slovakia iliweka sheria kwamba kuanzia Januari 2011 mkataba wa umma hauanzi kufanya kazi mpaka uchapishwe kwenye mtandao. Ukraine ilifanya zabuni za umma zote zipite kwenye mfumo wa ProZorro kuanzia Agosti 2016, mtu yeyote akiweza kuona nani alitoa bei gani na nani alienguliwa kwa sababu ipi. Mifumo hii haikumaliza rushwa. Bei bado zinaweza kupangwa na mwamba bado unaweza kuandikwa. Ila mzabuni aliyeenguliwa kwa kukosa sahihi huona mwenyewe kwamba mshindi alikosa cheti akasamehewa, na yeye ana sababu ya kusoma kurasa zote 200 kuliko diwani yeyote.

Kwa kikao kijacho usiombe mafaili yote. Chagua mradi mmoja wa barabara ambao umelipwa zaidi ya nusu lakini malipo ya mwisho bado, na kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro, hakijaisha, ili mkandarasi bado awe na fedha anayoidai na wajibu wa kurekebisha. Omba vitu vinne: karatasi za vipimo vya pamoja, daftari la kila siku la eneo la kazi, orodha ya nyongeza zote zikiwa zimejumlishwa, na jedwali la bei za wazabuni wote mstari kwa mstari. Wape siku 14. Wakikuletea, anza na hesabu ya malori.